Mwaka wa Kusikiliza Tangi

Chwa-chwa. Chwa. Halafu kimya kidogo, kisha tone moja la mwisho linagonga bati kwa ndani, kama mtu ambaye ameshaaga akakumbuka neno akarudi mlangoni. Hiyo ni sauti ya nusu tangi. Nifunge kitambaa machoni leo, uniwekee pikipiki mbele, uitikise, nami nitakwambia kama itafika Thika au itaishia Roysambu. Pikipiki ninayoendesha sasa ina geji nzima, mshale wake unapanda na kushuka kwa adabu, lakini kila asubuhi bado naushika usukani, naibana kwa mapaja, naitikisa kushoto na kulia huku nimeinamisha sikio. Vijana wa pale ninapojaza mafuta wamenizoea. "Madam, leo inakuambia nini?" wananiuliza. Nawaambia inasema ina kiu. Wanacheka, nami nacheka nao, kwa sababu sitaweza kuwaeleza habari ya Baba Shani wakiwa wameshika bomba mkononi na magari yamepanga foleni nyuma yangu.

Alifariki mwezi uliopita. Alikunywa chai ya alasiri, akajinyoosha, hakuamka. Nilikwenda hitima yake kule mtaa wa Jericho, Nairobi, nikakaa ndani na akina mama, sinia la pilau katikati yetu, na kupitia dirishani nikawa nasikia wanaume wakimzungumzia nje kwenye turubai. Walimsifu kama mtu wa safu ya mbele msikitini. Mmoja akamkumbuka enzi zake za karakana ya reli, alivyokuwa akipiga vyuma mchana kutwa bila kuchoka. Mwingine akasema hajawahi kumwona amekasirika. Hakuna aliyetaja pikipiki. Nikawa nangoja, tonge mkononi, nikidhani sasa atatokea mmoja aseme, lakini wapi. Mama Shani, mjane wake, akanitazama kutoka upande wa pili wa sinia, akanisukumia kipande cha nyama kwa kidole, akasema polepole, "Kula, Tatu. Mimi na wewe tunajua yetu." Basi ndiyo sababu naandika. Yale yetu, mimi na Mama Shani, yalikuwa ya mwaka mmoja tu, lakini mwaka huo ndio ulionifanya nilivyo.

Nilikuwa binti mdogo, shule nimeiacha katikati, na kazi ya kufunga peremende kiwandani, mtaa wa Baba Dogo, nimeiacha pia. Hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa tu siwezi kukaa. Nikikaa kwenye ile benchi, peremende zinakuja kwenye mkanda, miguu inaniwasha, naangalia mlango. Msimamizi alikuwa akiniuliza, "Tatu, kuna mtu unamngoja?" Hakukuwa na mtu. Nilikuwa nangoja kwenda, basi, wapi sijui. Nililala kwa shangazi yangu Jericho, kwenye zile nyumba za zamani za kaunti ambazo ukuta mmoja mnaushiriki na jirani, na ukipiga chafya anakuambia "afya" kutoka upande wa pili. Upande wetu wa pili alikuwa Baba Shani na mkewe. Na pikipiki.

Pikipiki ililala sebuleni. Mtu wa mbali atashangaa, lakini pale kwetu ukiiacha nje asubuhi utakuta umeachiwa alama ya mafuta chini tu. Kila jioni iliingizwa ndani kwa ubao uliowekwa juu ya kizingiti, ikapitishwa kati ya meza na kabati la vyombo, ikasimamishwa kando ya kochi lenye vitambaa vyeupe vya kusokotwa, kama mgeni wa heshima. Mama Shani alikuwa muuza mahamri na viazi karai, na sebule yake ilinukia iliki na petroli kwa pamoja. "Nimeolewa na mume mmoja," alikuwa akilalamika, "lakini nalala na wawili. Na huyu wa pili ananuka." Baba Shani anacheka, anaipangusa pikipiki kwa kitambaa, anasema, "Huyu wa pili haombi chai." Mimi nilikuwa naenda pale kula mbaazi za asubuhi kwa sababu za kwa shangazi hazikuwa na nazi. Ndivyo nilivyoanza kuizoea ile pikipiki, nikila nimeiegemea.

Geji yake ilikufa kabla hajainunua. Mshale ulikuwa umelala upande wa kujaa, haujui habari za dunia, siku zote tangi limejaa. Baba Shani aliipenda hiyo. "Inanipa moyo," alisema. Na ile koki ya akiba, ambayo kwa pikipiki nyingine inakuokoa mafuta yakikaribia kwisha, ilikuwa imeshika kutu haigeuki. Kwa hiyo yakiisha yameisha. Unabaki na masikio. Alinifundisha kuendesha kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya soko, lakini kabla hajaniruhusu hata kupiga kiki, alinifundisha kusikiliza. Ilinichukua muda kuelewa kwamba tangi lililojaa halina sauti, kwa sababu mafuta hayana mahali pa kukimbilia. Tangi la nusu ndilo lenye makelele, linapiga domo kama mtu aliyeshiba kiasi. Likishuka robo sauti inakuwa nyembamba, chwi, chwi, inakimbia mbali. Na likiwa kavu linanyamaza tena. "Hapo ndipo wageni wanapoumia," aliniambia. "Kujaa kunanyamaza na ukavu unanyamaza. Mgeni anatikisa, hasikii kitu, anafurahi. Wewe ukikuta kimya, gonga kwa kifundo cha kidole. Likijaa linajibu kama ukuta. Likiwa tupu linajibu kama sufuria."

Tukagawana siku ya kubeba abiria. Yeye anashika asubuhi mpaka adhuhuri, anaswali, anapumzika, mimi nashika alasiri mpaka magharibi. Alikuwa na sheria moja ambayo sijaiona mahali pengine. Tukikabidhiana pikipiki, pale pale mlangoni kwake, anayekabidhi anaitikisa, na wote wawili tunainamisha vichwa juu ya tangi. Anayekabidhi anauliza, "Umesikia?" Anayepokea anajibu, "Nimesikia." Neno likishatoka hakuna kurudi nyuma, hakuna kusema kesho kwamba uliachiwa kavu. Zamani aligawana pikipiki na mwenzake wa Ziwani, wakawa kila siku wanavutana juu ya mafuta, huyu anasema aliacha nusu, yule anasema alikuta harufu tu, mpaka ikafika hawasalimiani hata siku ya Idi. "Sitaki nikuchukie, Tatu," alinieleza. "Kwa hiyo tusikilize pamoja." Mimi nilicheka nikidhani ni mambo ya wazee. Lakini ile dakika ya kuinama wawili juu ya tangi, vichwa karibu vigusane, harufu ya mahamri inatoka ndani, ilikuwa dakika pekee ya siku nzima ambayo miguu yangu ilitulia.

Kwenye steji yetu ya bodaboda, pale karibu na soko, mwenyekiti alikuwa Wafula, mtu wa Bungoma mwenye tumbo na utani. Siku ya kwanza aliponiona natikisa pikipiki kabla ya kubeba mteja, aliwaita wenzake. "Kujeni muone! Siste anatafuta stesheni. Umeshika gani, habari ama mchezo?" Nikamwambia nimeshika ya matangazo ya vifo, na nimesikia jina lake. Wakamcheka mpaka akavua kofia. Tangu hapo nilikuwa mtu wao. Wateja wa kike walinitafuta, watoto wa shule walinipungia, na mimi kichwani nilikuwa mbali. Kila sauti ya tangi niliipa mji. Nikisikia domo la nusu tangi, namuacha mteja Buruburu na huku nawaza, sasa hivi nikikata kushoto nisigeuke, mafuta haya yatanifikisha Machakos. Yakijaa naona Namanga, naona milima ambayo sijawahi kuiona, naona mwenye hoteli ananiuliza umetoka wapi na mimi namjibu Nairobi, kama vile Nairobi ni kitu kidogo nilichokiacha nyuma. Sikwenda hata mara moja. Lakini mtu anayejua amebakiza umbali gani hawezi kusema amefungwa.

Ilikuwa msimu wa mvua za masika nilipoona kitu cha kwanza. Nilirudi kutoka Baba Dogo nimelowa, barabara imegeuka mto, vituo viwili vya mafuta havina stima. Nilifika mlangoni pikipiki inakohoa. Nikawa nimeinama natoa matope kwenye mnyororo kwa kijiti, nikasema bila kuinua kichwa, "Baba Shani, imekauka kabisa. Kesho upitie pampu kwanza, usichukue mteja." Akajibu juu ya kichwa changu, kwa furaha, "Amin, mwanangu, Mungu akuzidishie." Nikacheka. Nikaitikisa, kimya. "Umesikia?" nikamuuliza. Akainamisha sikio lake, akafumba macho kama kawaida yake, akasema, "Nimesikia. Umejaza, ahsante." Nikadhani ananitania. Yeye ndiye aliyenifundisha habari ya sufuria na ukuta, atakoseaje?

Asubuhi yake nilikuwa napiga mswaki nje, Wafula akapita akinipigia kelele. "Tatu! Mzee wako amekauka Jogoo Road! Anasukuma kama mkokoteni, mwalimu wa watu anamfuata na viatu mkononi!" Nilimkuta amefika nusu ya njia, jasho linatiririka, yule mwalimu ameshaondoka na pikipiki ya mtu mwingine. Nilingoja aniulize. Hakuniuliza. Alisema ni uchafu umeziba mpira wa mafuta. Nikashika nyuma, tukasukuma wawili mpaka pampu, na njia nzima alikuwa akinisimulia jinsi uchafu unavyoingia kwenye mipira, maneno mengi mno, yeye ambaye kwa kawaida alikuwa mchache wa maneno. Mimi nilikuwa najiuliza kitu kimoja tu. Lakini nilimwambia. Si nilimwambia?

Nikaanza kumtazama. Watu wanaponisifu kwamba nina macho, nakumbuka nilivyoyapata: kwa kumchunguza mtu niliyempenda. Niliona tukiitikisa pikipiki, haangalii tangi tena, anaangalia uso wangu. Nikitabasamu anatabasamu. Nikikunja paji anasema, "Imepungua kidogo, eh?" Niliona akizungumza na wateja anasogea karibu na kutazama midomo yao. Niliona redio ya kwao, ambayo zamani ilikuwa ikinong'ona, sasa tunasikiliza taarifa ya habari sisi wa upande wa pili bila kuwa na redio. Siku moja ya vumbi nilikuja na mtandio nimejifunga mpaka puani. Sikuwa nimepanga. Nilipoitikisa ile pikipiki, kitu kikanijia, nikauliza chini ya mtandio, "Baba Shani, una habari kuna nyoka chini ya kiti?" Akatikisa kichwa kwa upole. "Nimesikia, mwanangu. Nenda salama." Sura yake ilikuwa imetulia kabisa, ya mtu mwema anayekubaliana na dunia.

Niliingia jikoni. Mama Shani alikuwa anageuza mahamri kwenye karai, mgongo kwangu. Nilisimama pale mlangoni, nikavuta mtandio chini ya kidevu.

"Umejua," akasema, bila kugeuka.

"Nimejua leo."

"Mimi tangu Ramadhani. Adhana inaita, yeye anaangalia saa ya ukutani." Akatoa hamri moja, akaiweka kwenye sahani, akanipa ingawa ilikuwa bado inafuka moshi. "Zile nyundo za reli, miaka yote ile. Zimekula polepole."

"Si umwambie, Mama Shani."

"Nimwambie nini? Kwamba hasikii? Wewe unadhani yeye hajui?" Hapo ndipo alipogeuka, na macho yake yalikuwa na maji, ingawa alisema ni moshi. "Nikisema mimi nitakuwa nimemvua nguo mbele ya ukuta wake mwenyewe. Nataka aseme yeye. Lakini nikisikia lori huko barabarani moyo unaniruka. Kila asubuhi anambeba yule mtoto Neema, wa dada wa sokoni, kumpeleka shule ya nasari. Kila asubuhi, Tatu, mimi nikimwaga unga nasoma dua."

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo. Mtu asiyesikia honi anabeba mtoto wa watu katikati ya malori, na sisi wanawake wawili tunaojua tumenyamaza, mmoja kwa mapenzi na mwingine kwa heshima. Nami nitasema na lililokuwa langu: nilijua akishuka kwenye pikipiki, huenda ikauzwa, na mimi narudi kwenye benchi ya peremende. Nilijaribu njia ya katikati. Nikamwambia nataka kuwajua wateja wake wa asubuhi, anibebe nyuma siku chache. Akakubali haraka mno. Neema akikaa katikati yetu, mkoba wake umenibana kifuani, mimi nikawa namgusa Baba Shani bega la kulia gari likipiga honi kulia, bega la kushoto likitoka kushoto. Hakuniuliza kwa nini namgusa. Nami sikumwambia. Tulikwenda hivyo Jericho nzima, yeye akiendesha na mimi nikisikia, na nakwambia hatujawahi kuendesha vizuri kama zile asubuhi. Neema alidhani ni mchezo, akaanza naye kutugusa mabega hovyo, ikabidi nimwahidi ubuyu atulie.

Wafula ndiye aliyeukatiza. "Mzee, madereva wawili pikipiki moja, na mtoto juu? Hiyo ni mshikaki. Polisi wakiwakamata wanakuja kunisumbua mimi. Mmoja ashuke." Alisema kwa utani wake, lakini alisema mbele ya wote. Baba Shani akanitazama, akasema, "Shuka, mwanangu. Umeshawajua wateja." Nikashuka. Nilikaa steji nimeshika kichupa cha maji cha Neema alichokisahau, nikawaona wakipotea kwenye kona.

Haikupita wiki. Nilisikia makelele ya wanawake sokoni kabla sijajua miguu yangu inakimbia. Lori la kabeji lilikuwa linarudi nyuma kwenye kile kichochoro cha kuingilia, linalia pii, pii, pii, utingo anapiga ubavu wa lori kwa kiganja, watu wanapisha. Baba Shani alikuwa amesimamisha pikipiki nyuma yake, ameinama anamfunga Neema zipu ya sweta. Hivyo tu. Ameinama anafunga zipu, na lori linakuja. Muuza mboga mmoja alimrukia mtoto, akamvuta kwa mkoba, wakaanguka wote kwenye sukuma wiki. Baba Shani aliona kivuli, akarukia kando. Pikipiki ikabaki. Nilipofika ilikuwa imelala ubavu, taa ya nyuma imekuwa unga, petroli inatambaa kwenye matope inachora rangi, na Neema analia kwa sababu sweta limechafuka. Hakuna aliyeumia. Nilimpapasa yule mtoto mwili mzima, mikono, miguu, kichwa, mpaka mamake akaja akaninyang'anya.

Dereva wa lori alikuwa amesimama mlangoni mwa lori lake akifoka. "Buda, nimekupigia honi mpaka kidole kikauma! Uko na shida gani?" Na watu wa steji wakawa wanamrudishia, wanataka kumshusha, Wafula ameshakunja mikono ya shati. Katikati ya zogo hilo lote Baba Shani alikuwa amekaa ukingoni mwa mtaro, mikono juu ya magoti, anaangalia midomo ikifunguka na kufunga. Nilichuchumaa mbele yake ili aone uso wangu wote.

"Tatu," akasema. "Lilipiga honi?"

"Lilipiga, Baba."

"Sana?"

Nilitaka kudanganya. Naapa nilitaka. "Sana."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayesimuliwa jambo refu. Kisha akasimama, akaenda mpaka kwa yule dereva, na watu wakampisha wakidhani atarusha ngumi. Akamshika mkono. "Hukukosea," akamwambia kwa sauti kubwa, ile sauti ya mtu asiyejua sauti yake ina ukubwa gani. "Mimi sisikii. Wenye steji, mmenisikia? Mimi masikio yangu hayapo tena." Wafula alishusha mikono ya shati moja baada ya nyingine. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na utani wowote. Alisema tu, "Sawa, Mzee," kisha akakumbuka, akaenda akasimama mbele yake akairudia polepole, midomo wazi, "Sawa, Mzee wetu," akamtikisa mkono.

Tulirudi nyumbani tukiisukuma pikipiki, yeye usukani, mimi nyuma. Mama Shani alikuwa mlangoni, habari zilishamfikia. Pale kwetu habari hazihitaji pikipiki. Hakulia wala hakugomba. Alimpokea mumewe helmeti, akamtazama vidole, akamwambia, "Mikono yako michafu, nenda ukanawe tule," na alimwambia akiwa amemshika kidevu, uso kwa uso, ili asipitwe na neno. Baba Shani alicheka. Sijui kwa nini alicheka, ila alicheka mpaka akashika ukuta. Tulikula viazi karai na ukwaju, watu watatu kwenye kochi moja na pikipiki iliyovunjika taa imesimama inatuangalia, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi redio ilikuwa imezimwa. Baba Shani alisema anaiacha pikipiki mikononi mwangu, asubuhi na alasiri, niitengeneze taa, nimletee mafuta ya kupikia ya mkewe nikitoka steji, na nisiiuze nikichoka bila kumwambia. Nikamuuliza yeye atafanya nini. Akasema atakaa jikoni amchokoze mtu. Na kweli alikaa. Nilidhani angezeeka haraka, kama wanaume wengine niliowaona pale mtaani wakiachishwa kazi, wanaganda kwenye kiti mlangoni. Lakini alichukua kazi ya viazi, akawa anavikata vya duara sawasawa, anapika anavyotaka, anagombana na mkewe kwa ishara, na wateja wakazoea kunyoosha vidole badala ya kusema. Aliishi hivyo miaka mingi, nami nikaenda na pikipiki ile mpaka ikachoka, nikanunua nyingine, nikaenda nayo hadi Namanga. Milima iko kweli.

Lakini ninachotaka kumalizia nacho si Namanga. Ni asubuhi ya kwanza baada ya lori. Niliitoa pikipiki sebuleni mapema, kwa ufunguo alioniachia Mama Shani, wao wakiwa bado wamelala, nikaishusha kwenye ubao peke yangu, nikaisogeza mpaka nje ya geti kulipokuwa na mwanga. Nilikuwa sijawahi kuipokea asubuhi. Mimi nilikuwa mtu wa alasiri, nikiikalia tu nageuza vile vioo viwili vya kando vielekee usoni kwangu, naangalia mtandio, napaka mafuta midomo, naondoka. Lori lilikuwa limeiangusha ubavu lakini vioo vilikuwa vizima, na havikuwa vimeguswa tangu yeye alipovitumia. Nilikaa kitini nikatazama, sikuona uso wangu. Kwa urefu wangu vilionyesha mawingu na waya za stima. Nikainuka, nikasimama juu ya vikanyagio mpaka kichwa changu kikafika pale ambapo chake kingekuwa, nikatazama tena. Barabara yote ilikuwa mle ndani. Kioo cha kulia kilibeba upande mmoja, cha kushoto kilibeba upande wa pili, kikakutana na mwenzake katikati bila kuacha hata nafasi ya mbwa kupita, na nati zake zilikuwa zimekazwa kwa spana mpaka rangi imebanduka. Kila asubuhi, kabla ya kumchukua yule mtoto, alikuwa akivirudisha vielekee barabarani baada ya mimi kuvipindua, anavikaza upya, hasemi kitu.

Nikafungua kiti, nikatoa spana. Nikalegeza nati ya kulia, nikakaa chini kitini kwa urefu wangu, nikageuza kioo polepole, mawingu yakapita, waya zikapita, mapaa ya Jericho yakapita, mpaka nikaipata barabara. Nikakaza. Nikahamia cha kushoto.